Basi la Saa Kumi na Moja

Simu ya nyumbani ililia saa saba mchana, Emiliana akiwa amesimama na pasi mkononi. Ni Bi Sheikha, anapiga kutoka Uingereza, kutoka kwenye kinyumba cha mawe alichokodiwa na mwanawe Munir kwa wiki mbili.

"Abee, Bibi. Mmeamkaje?"

"Baridi, mwanangu. Mwezi wa saba huu, na mie nimevaa soksi mbili! Lakini kuzuri, usiambiwe. Kondoo hawa kazi yao kutukodolea macho tu. Leo Ghada anantembeza mjini kwa basi."

"Mkisimama kituoni, Bibi, nyosheni mkono. Msiponyosha, dereva anawapita."

"Yote kayaandika huyu. Tutazunguka, halafu jioni tule samaki wa kukaanga, turudi kwa basi la mwisho. Haya, ananivuta, basi lisituache. Yalla."

Simu ikakatika. Emiliana akarudi kwenye kanzu ya Munir, akiwaza jinsi yule mama wa miaka sabini na miwili, mzaliwa wa Unguja, mwenye magoti yanayolia kama bawaba, alivyopata nguvu za kutembea mashambani. Safari ile ilikuwa kama ya Emiliana mwenyewe. Kabla ya kuhamia kwa Munir, kafeel wake wa sasa, yaani mdhamini wa kibali chake cha kazi Dubai, alifanya kazi miaka minne kwa familia ya Kiingereza, na majira mawili ya joto walimchukua kijijini kwao akalee watoto. Alikipenda kijiji kile kwa namna iliyomtia haya. Vilima, ukungu wa asubuhi, matope yanayonyonya viatu: Mbinga kwao, ila hakuna migomba. Akamsimulia Bi Sheikha jikoni hata bibi akashika kwamba ni huko huko anataka kwenda. Visa ya Emiliana haikutoka, kwa hiyo wiki moja kabla ya safari Ghada, mjukuu anayesoma chuo kikuu, aliketi na laputopu yake akasema, "Niambie kila kitu."

Akamwambia. Ukipita geti la shamba, lifunge nyuma yako, ng'ombe wasitoke. Ukiwashwa na upupu wa kando ya njia, tafuta jani pana linaloota jirani yake, jisugue. Msalimie kila unayekutana naye, hata kama ni mvua tu mtakayoizungumza. Simu za mkononi hazishiki mtandao ila pale kwenye ua wa kanisa. Na basi, usilikose basi, la mwisho linatoka mjini saa kumi na moja.

Pasi ilisimama katikati ya mgongo wa kanzu.

Samaki. Duka la samaki la mjini, analikumbuka vizuri, hufunguliwa jioni saa kumi na mbili. Mtu atakulaje samaki saa kumi na mbili na kurudi kwa basi la saa kumi na moja?

Aliiona upya meza ile ya jikoni. Alikuwa akisema Kiswahili, na Ghada akichapa Kiingereza. Kiswahili cha Ghada ni cha kuitia chai na kuulizia viatu. Shule yake yote ilikuwa Kiarabu na Kiingereza, hajawahi kuhesabu saa tangu jua linapochomoza. Emiliana mwenyewe alikuwa na saa mbili kichwani: akisema na madam kwa Kiingereza anatumia ya kwao, akisema Kiswahili anatumia ya kwetu, na miaka yote hakuwahi kukosea. Siku ile hakukosea pia. Alisema saa kumi na moja, yule binti akaandika kumi na moja, ambayo kwa saa ya Kiingereza ni saa tano ya usiku.

Harufu ya kuungua ikamshtua. Akaiinua pasi. Kanzu ilibaki na alama ya rangi ya chai.

Akapiga namba ya kinyumba kile, iliyobandikwa kwenye friji pamoja na ya Ghada ili azitumie kukiwa na shida. Kule ikaita, ikaita. Wameshatoka. Simu ya Ghada ilikuwa imefungwa. Maili tisa kutoka mjini hadi kijijini, njia nyembamba isiyo na pa kukanyaga mguu, kuta za miti huku na huku, magari yakija kwenye kona kama yamefukuzwa. Usiku wa kule baridi yake inaingia mifupani. Watakaa kituoni wakisubiri basi lililokwisha kuondoka muda wa saa sita kabla.

Alikuwa hajawahi kumpigia Munir kiwandani, Dubai Investments Park. Akapiga.

"Emiliana? Nyumba inaungua?"

"Hapana, sir. Ni Bibi, sir. Basi..." Akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo jambo lilivyozidi kuonekana dogo.

"Ghada si mtoto. Watachukua teksi."

"Kule teksi inaagizwa tangu jana yake, sir."

"Khalas, Emiliana. Nina wateja hapa."

Alikaa sakafuni, karibu na kikapu cha kushonea. Vifungo alivihifadhi kwenye chupa ya jamu aliyokuja nayo kutoka kijijini kule, zawadi ya Pauline mwenye duka, na lebo yake ilikuwa ingali imeganda: jina la duka, picha ya zabibu nyeusi, na namba ya simu. Kupiga nje ya nchi kwa simu ya nyumba bila ruhusa, mtumishi aliyemtangulia alirudishwa kwao kwa kosa hilo. Emiliana alifuta mikono kwenye gauni, akabonyeza tarakimu moja moja.

"Pauline, ni Emiliana. Yule wa watoto mapacha. Wa Dubai."

"Emiliana! Mvua inanyesha hapa, mpenzi."

"Wale mama wawili waliovaa mabaibui..."

"Wamepanda basi sasa hivi. Yule mkubwa amenunua peremende zangu zote."

Akamweleza. Pauline akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema dereva wa basi la mwisho ni shemeji yake, atamwambia. Mji ni barabara moja tu.

Saa mbili za usiku, ambazo kule ni saa kumi na moja za jioni, Emiliana alikuwa ameketi mbele ya simu kama mtu aliyeketi mbele ya jeneza. Munir alirudi, akaiona kanzu, akamwona na yeye. Akaketi pia.

Saa tatu kasoro robo simu ikalia.

"Weye mwanamke!" Ni Bi Sheikha. "Tumeketi tunakunywa chai, mara dereva huyo mlangoni, anaita jina langu mbele za watu! Ghada na kijiko mdomoni. Tumetolewa kama watoto wa chuo cha Kurani."

"Nisamehe, Bibi."

"Nikusamehe nini? Huyu Ghada ndiye nitakayemfunza saa, hata kwa bakora. Nko dukani kwa Pauline, na karatasi ninayo. Hebu, duka hili Jumatano linafungwa saa ngapi?"

"Saa saba, Bibi. Ya kwetu."

"Kaandika saba. Ghada, futa! Na teksi ya kutupeleka uwanja wa ndege?"

"Saa nne asubuhi."

Emiliana alisikia karatasi ikikunjuliwa, maili zote zile.

"Kaandika nne," Bi Sheikha akasema polepole. "Na keshaiagiza."

Munir alinyoosha mkono kuomba simu. Emiliana hakumpa.

"Tuanze mwanzo, Bibi," alisema. "Nisomee kila penye saa."