Mwanga Mwekundu Mdomoni mwa Mama

Wiki ya tatu ya mionzi, mama aliacha kuongea.

Madaktari walikuwa wamemtoa uvimbe chini ya taya, kidonda cha upasuaji kikapona vizuri, kisha akapangiwa mionzi ya wiki sita ili saratani isirudi. Aliyaacha majaruba yake ya mpunga kule Magu akaja kukaa kwangu Nyegezi. Mwanzoni alinipikia, akanikosoa ninavyofua, akazoeana na majirani ambao mimi nimekaa nao miaka minne bila hata kujua kwao ni wapi. Halafu vidonda vikamtoka ndani ya mashavu, pembeni mwa ulimi, mpaka kwenye fizi. Akimeza mate tu, machozi yanamtoka. Dawa ya kusukutua ilimpa nafuu ya nusu saa. Nilimnywesha maji kwa kijiko, naye alikuwa akinitazama kama anayenionea huruma mimi.

Asubuhi moja nilimkuta amekaa kitandani, amevaa, mfuko wake umefungwa. Akanyoosha mkono upande wa stendi ya mabasi. Nikamwambia imebaki nusu tu ya mionzi, akatikisa kichwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kubembeleza ndiyo kazi yangu, lakini siku ile sikubembeleza. Nilikaa sakafuni nikalia mbele yake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu utotoni.

Mama aliuweka mfuko chini. Kisha akainua vidole vitatu. Angenipa siku tatu zaidi, kisha aondoke.

Nesi wa kitengo cha mionzi, nilipomweleza, alituelekeza kwa daktari wa meno mjini, mwanamke wa Kihindi mzaliwa wa hapa hapa Mwanza, aliyekuwa na mashine ya leza. Alimwamkia mama shikamoo, na mama akaitikia kwa kichwa. Kabla ya kugusa chochote alimpigia simu daktari wa mionzi, akaulizia uvimbe ulikaa wapi hasa, maana mwanga wa leza haupaswi kuelekezwa pale. Kisha akanigeukia mimi.

"Hii si dawa ya saratani," alisema. "Ni leza ya nguvu ndogo, haikati wala haichomi. Inatuliza maumivu na kuvisaidia vidonda vifunge. Wengine inawasaidia sana, wengine kidogo. Siwezi kukuahidi."

Kwa sababu hakuahidi, nilimwamini.

Tulivaa wote watatu miwani mikubwa ya kijani ya kukinga macho. Mama alinitazama, mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka, na kicheko kinamuuma. Kifaa chenyewe kilikuwa kama kalamu nene, nchani kina mwanga mwekundu. Daktari alikiweka ndani ya shavu, akasubiri kilie, akakisogeza kidogo, akasubiri tena. Mama akanifinya mkono, macho yakiuliza wataanza lini. Shavu moja lilikuwa limeshakwisha.

Siku ile hakuna kilichobadilika, na moyoni nilijuta kumsumbua. Kesho yake tulirudi kwa daktari wa meno baada ya mionzi, na mchana alilala usingizi mzito, mdomo wazi, bila kuugulia. Siku ya tatu dada wa jirani alimpeleka, kwa kuwa mimi nilikuwa na mitihani ya darasa la nne. Niliporudi jioni nilimkuta sebuleni, kikombe mkononi. Kikombe, si kijiko.

"Uji wako una mabonge," aliniambia.

Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye mafua. Nilisimama mlangoni na madaftari yangu nikaomba arudie. Akarudia, polepole, akaongeza kwamba hata utotoni nilikuwa sisikii mara moja. Nilikwenda jikoni nikauchuja uji uliobaki. Nilipotoka sikuthubutu kumkumbusha ahadi yake. Yeye ndiye aliyeuliza, "Kesho tunakwenda kwenye mionzi saa ngapi?"

Vidonda havikuisha mara moja. Kulikuwa na siku mbaya, na leza ilimsindikiza mpaka mwisho wa mionzi. Lakini alikunywa, akalala, na hakukosa siku hata moja.

Mwezi mmoja baadaye daktari wa mionzi alimpima, akasema pale palipotolewa uvimbe panaonekana pasafi. Tulishuka moja kwa moja hadi ufukweni, penye akina mama wanaokaanga samaki, nikamwagizia sato mzima. Kinywa bado kilikuwa kikavu, kila tonge alilisukuma kwa maji, na aliniambia ladha anaisikia kwa mbali tu. Sikumharakisha. Ziwa lilikuwa limetulia. Alikula upande mmoja mpaka kwenye mifupa, akapumzika kidogo, kisha akamgeuza samaki.