Kompyuta Iliyopigwa Jicho

Mwanangu, mimi unayeniona hapa si mtu wa kushangazwa na kitu. Skuli niliiacha kabla haijaniacha. Nimepandisha vigae begani kwenye majumba ya Qurum, nimeuza maji baridi, nimeendesha gari la mikate, na kutoka hapo nikasimamisha duka langu mwenyewe mtaa wa Ghubra, duka la kuchapa kadi za harusi, bila ya baba kunishika mkono wala benki kunipa hata baisa moja. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, husema wahenga. Mie nilijihisabu nimeshayaona ya wote wawili. Lakini nakumbuka alasiri moja nilirudi kutoka msikitini, nikakuta jambo barazani kwa shangazi yangu, na kibri changu kikaniishia pale pale mlangoni. Keti nikuhadithie, maana juzi nimekusikia ukitaja jina la mtu, eti ndiye aliyekuharibia kazi yako.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili. Mimi kijana, sina mke, ila posa yangu imeshakubaliwa. Binti mwenyewe Zuwena, kwao mtaa wa Madinat Sultan Qaboos. Kaka yake, Khalfan, alikuwa fundi wa viyoyozi na mwenzangu wa karata. Ndiye aliyenisemea kwao hata nikakubaliwa. Siku ya harusi imepangwa, ukumbi umeshalipiwa, kilichobaki ni kadi. Na kadi nani azichape, kama si mimi mwenyewe?

Kompyuta yangu ilikuwa kongwe. Niliinunua kwa kampuni moja iliyokuwa ikibadilisha vyombo vyake. Sanduku lake limegeuka rangi ya chai ya maziwa, skrini nzito kama jiwe la kusagia. Niliipenda mashine ile! Vumbi la mji wetu unalijua, halipigi hodi, basi sanduku nikalishonea koti la mahameli jekundu, lenye tarizi pembeni, linafika mpaka chini. Nikaacha uwazi mdogo tu wa kufikia swichi na mahala pa kutia diski. Wateja wakiingia huisifu kabla hawajanisalimia mimi.

Na kadi zangu zilikuwa na siri yake. Maduka mengine yalikuwa na mashine bora kuliko yangu, lakini kadi zao hazinukii kitu. Mie nikishachapa, nazitandaza kadi juu ya tenga, lile la kufukizia nguo, chini yake naweka chetezo cha makaa na udi wa maana, nafunga mlango, na kiyoyozi nakizima ili moshi usitawanyike. Mwanamke akifungua bahasha yangu, hufumba macho kwanza ndipo asome. Nani mwengine mji huu aliyewaza hilo? Hakuna. Na duka lilikuwa dogo, kwa hivyo tenga lilikaa chini ya meza, ubavuni mwa sanduku la kompyuta.

Siku moja akaingia Khalfan. Akatazama kadi zinavyotoka kwenye printa yake. “Yakhe, mashine hii kali! Inatapika kadi kama mvua. Mwaka hauishi utatununua sote.” Akacheka, akaenda zake.

Hakusema Mashaallah.

Kwetu unajua, mtu akisifu asilitie neno lile, huwa kama aliyetoka akaacha mlango wazi nyuma yake. Chochote kinaweza kuingia. Nami sikukaa sana, nikatia udi kwenye chetezo, nikafungua kadi yangu mwenyewe, yenye jina la Zuwena. Pap! Mashine imezima. Nikaiwasha, ikawaka. Nimefika kwenye jina la baba yake, pap! Kiza kitupu.

Nikabadilisha waya. Nikabadilisha plagi. Nikamleta fundi wa umeme akapima ukutani, akasema umeme huu hauna neno. Nikamleta fundi wa kompyuta kutoka Ruwi, akaligonga sanduku kwa juu ya koti kama anayechagua tikiti maji, akasema, “Imezeeka hii, nunua mpya.” Nikamwambia, “Na wewe utazeeka, tutakutupa?” Akaondoka amenuna. Kila asubuhi mashine inafanya kazi kama kijana. Nikianza kufukiza tu, inazima. Mwanangu, jawabu lilikuwa limenikalia magotini, nami naliulizia mtaani.

Maana mie nilishaamua ni jicho la hasidi. Na dawa ya jicho si inajulikana? Kufukiza. Basi nikaifukiza mashine yenyewe. Nikainua koti, nikaingiza chetezo mle ndani, nikalishusha ili dawa imwingie vizuri. Ikazidi kuzima. Nikazidisha udi. Ikafika hadi haikai hata muda wa kunywa finjani moja ya kahawa.

Hapo nikaacha kupokea simu za Khalfan. Alikuja dukani akagonga, nikajikausha ndani kama simo. Kisha nikafanya kubwa zaidi: nikapeleka maneno kwao kwamba harusi isogezwe mbele, mpaka mambo yatulie. Mambo gani, sikusema. Nawe unajua maana yake kwetu. Kusogeza harusi bila ya sababu ni kumtia binti wa watu kasoro, kila mtu abuni yake. Zuwena akalia. Mama yake akaniletea jawabu fupi: kama humtaki, sema, mahari yako tutakurejeshea.

Mashine nikaibeba mpaka nyumbani kwa shangazi yangu, Bi Moza, aliyenilea, nikidhani huko jicho halitaifuata. Koti nililipeleka dobi. Nikaiweka uchi juu ya mkeka barazani, kiyoyozi kinapuliza, nikaiwasha. Tokea adhuhuri mpaka karibu na alasiri, haikuzima hata mara moja.

“Unaona, shangazi?” nikamwambia. “Huku jicho lake halifiki.”

“Jicho la nani?”

Nikamtaja. Bi Moza akafunga mtandio wake vizuri. “Adhana hiyo,” akasema. “Nenda kaswali.”

Nikaenda. Na niliporudi ndipo nikaona lile la kunishangaza. Khalfan amekaa mkekani, uso kwa uso na mashine yangu, mbele yake sahani ya haluwa imebaki mafuta tu. Shangazi kasimama juu yake kama mwalimu wa chuo cha Kurani.

“Skrini nzuri,” Khalfan alikuwa akisema, sauti imechoka. “Kubwa. Inang'aa.”

“Endelea. Na vile vibonyezo vya kuandikia?”

“Bi Moza, vibonyezo nimeshavisifu.”

“Visifu tena. Na lile neno usilitie.”

“Vibonyezo vizuri sana,” akasema Khalfan. “Sijapata kuviona mfano wake.”

Mashine inaunguruma taratibu, kama paka aliyeshiba.

“Ingia, baba,” shangazi akaniambia. “Mchawi mpe mwana akulelee. Wako nimemwita ulipotoka tu, nikampa mashine yako, kaisifu mpaka haluwa imekwisha. Imezima?”

“Haikuzima, shangazi.”

“Basi jicho lake limekwenda wapi? Limepewa likizo?”

Khalfan akageuka polepole. Nikamwona anavyofahamu, kidogo kidogo, na uso ukamkunjamana. “Nassor,” akasema, “dada yangu analia nyumbani kwa ajili ya sanduku hili? Na hasidi mwenyewe ni mimi?”

Akasema shangazi.

“Husuda ipo, Nassor, sikatai, na Mungu atukinge nayo. Lakini si kila kinachozima kimezimwa na mtu. Anza na kitu, ndipo uje kwa mtu. Kitu ukikidhania vibaya hakilii.”

Maneno yale yaliniingia, mwanangu, na akili yangu, ambayo haikusoma lakini haijapata kulala njaa, ikaanza kazi yake. Dukani kuna nini ambacho hapa hakipo? Umeme ni ule ule. Mashine ni ile ile. Khalfan naye huyu hapa. Nikapeleka mkono nyuma ya sanduku: joto dogo tu, upepo unatoka. Nikakumbuka kule dukani nikilivua koti jioni, mahameli huwa ya moto kama nguo iliyotoka kwenye pasi. Koti. Na chetezo. Na kiyoyozi ninachokizima kwa mkono wangu.

“Khalfan,” nikasema, “una bisibisi?”

Fundi wa viyoyozi hakosi bisibisi. Akaitoa mfukoni bila ya kunitazama. Tukaizima mashine, tukaifungua. Mwanangu, mle ndani mlikuwa mnanukia kuliko chumba cha bi harusi! Kumbe ubongo wa kompyuta huwa na feni ndogo juu yake, inapuliza ule moto utoke. Ukipanda sana, mashine hujizima yenyewe isije ikaungua. Feni yangu ilikuwa imegandwa na vumbi, na vumbi limeshikamana kwa ute wa udi, jeusi, limevimba. Khalfan akalichopoa bonge zima kwa vidole viwili, akaliinua juu kwenye mwanga.

“Ndilo jicho langu hili?” akauliza. “Mbona limeota manyoya?”

Bi Moza alicheka mpaka akashika ukuta. Nikacheka na mie, na Khalfan akajizuia, akajizuia, akashindwa. Tulisafisha kwa brashi ya rangi, feni ikazunguka mpaka ikapiga mluzi. Chetezo nikakihamishia chumba cha nyuma. Koti la mahameli shangazi aliligeuza foronya. Jioni ile ile tukaongozana sote watatu kwa mama yake Zuwena, nikaomba radhi kwa kinywa changu, si kwa mjumbe. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Kadi zetu nazitaka wiki hii. Na zinukie.” Harusi ikarudi siku yake, na mashine ile ilichapa kadi zote bila ya kuzima.

Basi shika haya, mwanangu. Kitu chako kikiharibika, usikimbilie kutafuta nani, tafuta nini. Ukikiona kinakwenda mahala fulani na hakiendi pengine, uliza tofauti ya mahala, usiulize nani amepita. Badilisha jambo moja, ungoje, uone. Ukibadilisha yote pamoja hutajua lipi lililokuponya. Na dawa ikizidisha maradhi, iache, hata kama inanukia vizuri. Kikulacho ki nguoni mwako, na mie nguo yenyewe niliishona kwa pesa yangu. Huyo uliyemtaja juzi, nenda kwake leo, ukae naye, unywe kahawa yake. Mungu akufungulie macho yako kabla hajakufungulia kinywa, akupe riziki isiyo na fitina, akupe shemeji mwenye kicheko. Amin.

Nami sikutoka bure. Usiku wa harusi, mlango wa bi harusi haufunguliwi mpaka bwana harusi atoe chochote, na ada hiyo hudaiwa na kina mama. Usiku ule Khalfan aliwaomba wampishe, akaegemea mlango yeye. “Dada nimemtoa bure,” akasema, “ninalotoza ni jicho. Geuza mfuko.” Nikageuza mfuko wote wa kanzu, wakahisabu kina mama kwa vigelegele: riali arubaini na mbili na baisa mia saba na hamsini.