Siku Niliyokwenda Wakrah Kumrudisha Makame

Msinicheke kabla sijafika mwisho, maana nyinyi mkianza kucheka mie hupotelewa na maneno, na aibu hii nimewaachia watu miaka mingi waihadithie wanavyotaka, wakatia chumvi, wengine wakasema nilikwenda na mbuzi (sikwenda na mbuzi, nilikwenda na sinia). Bora niiseme mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile treni ya chini ya Doha bado ni mashimo na vumbi, nami naishi Al Sadd kwa mwanangu Zuhura na mumewe Faki. Shule sikwenda sana, lakini mpira naujua na majina hayanipotei. Kila Ijumaa vijana wetu wa Kitanzania walicheza na timu za wageni wenzao kwenye uwanja mmoja wa mchanga kule Wakrah, kusini ya Doha, timu yetu inaitwa Mawimbi, na nahodha ndiye huyo mkwe wangu Faki. Aliyetoka namjua na aliyeingia namjua: Haji Vuai tulimtoa kwa Waganda wakatupa beki mrefu anaitwa Musoke, tukafaidika, Juma Kea alihamia kwa Wasudani kwa sababu tu wana basi lenye kiyoyozi, tukapata hasara, Ali Machano alikuja kwetu kula pilau, akabaki misimu miwili.

Basi golikipa wetu akarudi kwao Tanga moja kwa moja, na Faki, bila ya kumuuliza mtu, akakaa na wakubwa wa Radi, timu ya Wakenya, wakanywa karaki, ile chai ya maziwa ya huku, wakapeana mikono: sisi tuwape Makame, wao watupe Kiprono adake mipira. Makame, wanangu. Winga wa kushoto, askari wa mlangoni kule The Pearl kwenye majumba ya matajiri, kijana anayekimbia kama mtu aliyeacha maziwa motoni. Winga kama yule hatolewi kwa golikipa. Golikipa kazi yake kusubiri, winga kazi yake kuleta. Na mechi ya mwisho ya msimu, ya kombe, tulikuwa tunacheza na nani? Na hao hao Radi.

Sasa kwetu mtu hagombani na mkwewe. Nilimtazama Faki anakula, moyo unaniwaka, nikamwambia tu, "Ongeza mchuzi, baba." Nikajisemea, khalas, nitakwenda mwenyewe kwa hao waliomchukua Makame, nikawaombe wanirudishie. Hapo ndipo pa kosa.

Radi ilikuwa mikononi mwa Bi Rukia, mama wa Mombasa aliyewapikia vijana wale, na alilosema yeye hakuna nahodha wa kulipinga. Na mtu akienda kuomba mtu haendi mikono mitupu, wala haendi peke yake. Nikapika mkate wa kumimina, nikanunua halua, nikapanga kwenye sinia, nikafunika kwa kanga mpya, nikavaa buibui langu la kutokea, nikamchukua na shoga yangu Bi Asha wa Pemba (ambaye mpira haujui, alifuata matembezi), tukajifukiza udi mpaka dereva wa teksi akapiga chafya njia nzima.

Bi Rukia alifungua mlango, akatutazama sisi, akalitazama sinia, akaitazama kanga, uso ukamfunguka kama dirisha. "Karibuni ndani, msisimame mlangoni."

Tukakaa. Na adabu mnaijua: mgeni haanzi na shida yake, na mwenyeji haulizi umefuata nini, mpaka mtu anywe, ale, aulizwe hali za watu wake wote. Mie nikanyamaza kwa adabu, yeye akanyamaza kwa adabu, na katika kunyamaza huko akaingia ndani, nikasikia kabati linafunguliwa na sauti yake, "Vaa lile jipya, wacha maswali." Kumbe ana binti, Salma, nesi, ametoka zamu anataka kulala, na sinia lile lililofunikwa kanga, na mabibi wawili wananukia udi, kwa macho ya mama aliyeisubiri siku hiyo muda mrefu, ni posa, hakuna zaidi.

Salma akatoka kichwa chini, amenuna kidogo. Nikasema, "Mashaallah, mtoto mzuri," maana alikuwa mzuri, nifanyeje. Bi Rukia akapiga kigelegele, majirani wakatoka, hata mama wa Kifilipino wa mlango wa pili akaja na simu yake kupiga picha. Kabla sijaelewa kitu nami nimetiwa simu mkononi, sauti imefunguliwa chumba kizima kisikie.

"Ni kakangu Athumani, yuko Mombasa," akasema Bi Rukia. "Yeye ndiye wa kusikiza. Sema naye."

Nikaona, kumbe hata usajili wa Radi huamuliwa Mombasa. Nikasafisha koo, nikatoa salamu. "Tumekuja kwa ajili ya Makame."

"Makame ndiye kijana? Afanya kazi gani?"

"Askari wa mlangoni, lakini kazi yake hasa ni kukimbia upande wa kushoto."

Athumani akauliza, "Akimbia nini?"

"Mabeki," nikasema. "Naomba mnirudishie kabla ya Ijumaa."

Bi Asha akanifinya. "Wewe, hawa wanadhani tunaposa."

Nilitamani zulia linimeze. Salma alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Alhamdulillahi. Mama, nirudi kulala?" Lakini mamake hakucheka. Macho yalimjaa maji, akaniambia polepole, "Nishamwambia kakangu. Kesho mtaa wote wa kwetu utajua. Nitawaambia nini watu?"

Hapo Makame alinitoka kichwani. Nikaishika ile simu kwa mikono miwili. "Mwanangu Athumani, dada yako hana kosa. Kosa ni la bibi mwenye wazimu wa mpira aliyekuja kusajili mchezaji kwa sinia la posa. Watu wakiuliza, nitaje kwa jina, Mwanakhamis wa Makunduchi, wanicheke mie."

Kule Mombasa nikasikia mtu anajikaza, kisha anashindwa, anacheka mpaka simu inakwaruza. "Rukia," akasema, "mpe mchezaji wake."

Bi Rukia akafuta macho, akakata kipande cha mkate, akatafuna huku ananitazama. "Mtwae Makame, na Kiprono baki naye. Lakini mambo haya ni kubadilishana, nami natwaa mtu."

"Nani?"

"Wewe. Vijana wangu wasema Mawimbi washinda kwa mdomo wako. Ijumaa utakaa na mimi, upande wetu, na kijani chetu utavaa."

Ijumaa Faki alipomwona Makame uwanjani alifurahi, halafu akaniona mie ng'ambo ya pili, nimejitanda kanga ya kijani ubavuni mwa Bi Rukia, akasimama na mpira mguuni mpaka wakamnyang'anya. Kipindi cha pili Makame akachomoka kushoto, akapita mmoja, akapita wa pili, akafunga, kisha kwa mazoea akaja mbio mpaka nilipokaa, na Wakenya wote wananitazama mie. Kigelegele kilinifika kwenye meno nikakimeza. "Ondoka hapa, muhuni wewe, umetufunga," nikamwambia kwa sauti wote wasikie, na chini ya kanga nikamshika mkono nikauminya.

Bi Rukia aliuona. Akainama sikioni mwangu, "Msajiliwa wangu, chunga."

Tangu siku ile sijaingia tena nyumba ya mtu kuomba mtoto wake, wa kuoa wala wa kucheza, na nyinyi msinitume. Msimu uliofuata Mawimbi walinitaka nirudi, Faki mwenyewe akaenda Wakrah kuniombea. Bi Rukia akamwambia hajaona katika timu yao mtu wa kubadilishana na mie, na mie, Mungu anisamehe, sikumsaidia mkwe wangu hata kwa neno moja.