Mzigo Mmoja Kabla ya Jumatatu

Jumapili ile asubuhi Tulinagwe alikaa mlangoni kwenye kiti chake cha magurudumu, ungo mapajani, akichambua mchele. Mumewe, Lutengano, alikuwa uani akifunga upya kamba ya nira.

"Baba Nancy, hiyo kamba umeifunga mara tatu."

"Inalegea."

"Wewe ndiye umelegea. Njoo unywe chai."

Akaja, akanywa. Hakukuwa na jambo jingine. Tulinagwe akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa kwa kuku, kuku akakidonoa akakiacha. Akasema yule kijana wa kompyuta, Aliko, akija leo mikono mitupu, asishuke hata kwenye pikipiki, ageuze hapo hapo.

Hiyo ndiyo asubuhi ya kawaida ya mwisho waliyokuwa nayo pale Busale. Kesho yake gari lingekuja kumpeleka hospitali, Mbeya, akakatwe mguu wa pili. Wa kwanza ulikatwa mwaka uliotangulia, kwa kisukari. Habari ya mguu hakuitaja. Habari yake ilikuwa moja: anataka afikishe mzigo mmoja kabla ya Jumatatu.

Mbeya alikwenda. Hakurudi hai.

Tulinagwe alifanya biashara ya mchele miaka thelathini. Alinunua mpunga Busale na Talatala, akaukobolesha Kyela mjini, akapakia magunia kwenye lori, akapanda na mzigo wake mpaka Mbeya. Wenzake walituma mzigo wakabaki nyumbani. Yeye hakukubali magunia yake yapande mlima wa Tukuyu peke yake. Alikaa mbele, kiti cha kushoto, pembeni ya dereva, ndizi za kuchoma kwenye mfuko miguuni.

Dereva aliyesafiri naye zaidi aliitwa Hezroni. Msibani kwake alisimama akasema machache.

"Huyu mama alikuwa anaisikia injini kuliko mimi. Sijagusa gia, ananiambia, Hezroni, shusha, linakufa. Nashusha. Namwambia, mama, si uje uendeshe wewe. Ananijibu, sogea basi."

Watu walicheka, hata waliokuwa wanalia. Lakini Hezroni hakuwahi kusogea. Gari halikuwa lake, na tajiri mwenye gari hakutaka mchezo. Miaka yote ile Tulinagwe hakuugusa usukani hata wakati lori limezimwa.

Lutengano alikuwa mtu wa jembe na maksai. Shule hakwenda. Karatasi yoyote iliyoingia nyumbani, mkewe ndiye aliyemsomea. Mkewe akisafiri, yeye alingoja. Alikuwa hodari wa kungoja.

Mguu ulipokatwa, Tulinagwe alikaa miezi miwili akitazama barabara. Lori likipita alilitaja aina yake kabla halijatokea kwenye migomba. Ndipo Aliko, mtoto wa kaka yake, fundi wa kompyuta Kyela mjini, akamletea kompyuta yake ndogo yenye gemu la malori.

"Shangazi, jaribu."

"Hii ni ya watoto."

"Watoto hawaiwezi. Wanakimbiza, wanapinduka. Hii inataka mtu mwenye subira na mzigo."

Akajaribu. Akapinduka. Akajaribu tena mpaka Aliko akaanza kusinzia. Kesho yake akaulizia kompyuta yake mwenyewe.

Aliko akamtafutia moja ya ofisini, iliyotumika huko Ulaya, bado na kibandiko cha wenyewe. Kwa kuandika barua ilitosha. Kwa gemu ilikuwa dhaifu. Barabara ilionekana kama uji, vibao vya njiani havisomeki. Lakini Tulinagwe akakaa nayo. Aliko alimgundishia vipande vya kitambaa chekundu kwenye vitufe vinne, vya kwenda, kusimama, kushoto na kulia, ili vidole visipotee.

Lori la mle ndani lilikuwa na usukani kushoto, kama magari ya huko. Aliko akataka kuuhamishia kulia, uwe kama wa kwetu. Tulinagwe akamshika mkono.

"Uache hapo hapo."

Hakusema kwa nini.

Kisha daktari akatoa tarehe ya mguu wa pili. Wakiwa njiani kurudi, Tulinagwe akamwambia mumewe, "Nikafikishe mzigo mmoja kwanza kwenye ile mashine. Mzima, bila kugonga. Halafu wakate wanachotaka." Lutengano alilisikia neno hilo, likamkaa moyoni.

Siku ya pili akaenda mjini kwa Aliko.

"Kinachotia picha kwenye ile mashine ni nini?"

"Kadi ya picha, mzee. Inachomekwa ndani."

"Nataka kubwa kuliko zote. Hela hizi hapa."

Aliko akaziangalia hela, akamwangalia mzee. "Mzee, tungepima kwanza. Kadi lazima iendane na prosesa. Prosesa ndiyo inayofikiri, na ile ya shangazi ni ya zamani."

"Nunua kubwa."

Mzee akishasema mara mbili, kijana hana la kuongeza. Akaagiza.

Kadi ikafika Jumanne kwa basi la kutoka Dar. Ndefu kama mkono, feni tatu. Mfuniko wa kompyuta ukakataa kufunga, wakauacha wazi. Aliko alikuwa amebadilisha na kile kisanduku cha umeme cha ndani, maana cha zamani kisingeibeba. Walipowasha, Tulinagwe akasogeza uso. Mvua ilikuwa inanyesha kwenye kioo cha lori, matone yanateleza moja moja. Kibao cha njiani kikasomeka. Lutengano, amesimama nyuma yake, akakunja mikono kifuani kama mtu aliyemaliza kulima.

Barabara ya wazi ilikwenda vizuri. Lori lilipoingia mjini, kwenye magari mengi, likaanza kuganda. Tulinagwe alibonyeza kushoto, lori likafikiri, kisha likakata ghafla likabamiza nguzo. Akarudia. Likabamiza basi. Mara ya tano akaondoa vidole.

"Sio mimi," akasema. "Aliko, niambie ukweli. Sio mimi."

"Sio wewe, shangazi."

Aliko akafungua kidirisha pembeni, mistari miwili inacheza.

"Huu wa juu ni prosesa. Umegota juu, hauna pa kwenda. Huu wa chini ni kadi."

"Mbona umelala?"

"Hauna kazi. Prosesa ndiyo inayohesabu kila gari mle, hili linakwenda wapi, lile linasimama wapi. Ikishahesabu ndiyo inaipa kadi ichore. Isipopewa, kadi inakaa."

Tulinagwe akaigusa mistari kwa kidole. "Kumbe ni mashine ya kukoboa. Umefunga mashine kubwa, halafu anayemimina mpunga ni bibi mwenye kikopo. Mashine inazunguka tupu."

"Hivyo hivyo."

"Basi mtafute mmiminaji mwenye nguvu."

"Mwenye nguvu ya kadi hii hawezi kukaa humu. Ubao wa kompyuta hii haumkubali. Labda tununue ubao mwingine na kila kitu kinachokaa juu yake."

"Humu anakaa nani, mwisho wa uwezo?"

Aliko akamtajia.

"Na kadi inayoendana na huyo?"

"Ndogo. Kama nusu ya hii."

"Irudishe hii. Lete hizo mbili."

Lutengano akakunjua mikono. "Mama Nancy. Hiyo ni zawadi."

"Najua."

"Hiyo ndogo itakuonyesha mvua?"

"Mvua nimeshaiona. Nataka kufika."

Tulinagwe akageuza kiti, akamtazama usoni.

"Uliuza nini?"

"Askari."

Askari alikuwa mmoja wa maksai wao wawili. Aliyebaki aliitwa Tajiri. Walikuwa wamefungwa nira pamoja misimu sita, kimo kimoja, hatua moja.

"Na Tajiri atalima na nani?"

Lutengano akaangalia kwenye kioo. Kusoma hajui, lakini mistari aliiona. Mmoja juu, mmoja chini, kama nira iliyofungwa kwa maksai na ndama. Mkubwa hawezi kuvuta, mdogo shingo inakatika, jembe linakwenda upande. Alikuwa amelima kwa maksai tangu akiwa kijana na hajawahi kufunga kitu cha namna hiyo. Na ili akifunge humu ndani, alikuwa amevunja jozi iliyoendana kule zizini.

"Irudishe," akamwambia Aliko.

Mwenye duka wa Dar akakubali kubadilishana, kwa kuwa Aliko ni mteja wake. Vitu vikapangiwa basi la Ijumaa. Ijumaa havikuja. Jumamosi havikuja. Basi liliharibikia njiani. Siku hizo Tulinagwe alirudi kwenye picha ya uji, akajifunza kurudi nyuma na trela. Wanakwaya waliokuja kumwombea Alhamisi walimkuta katikati ya kazi hiyo. Mwalimu wa kwaya akakohoa.

"Mama, tumekuja kuomba."

"Karibuni. Nipaki kwanza."

Wakangoja wamesimama, vitabu mkononi. Mmoja akaanza kumwelekeza, kulia kidogo mama, kulia. Alipopaki wakaimba.

Lutengano naye alikwenda Talatala kwa Ambrose, aliyemnunua Askari. Ambrose hakutaka kumrudisha. Walikaa, wakazungumza muda mrefu. Wakakubaliana Askari abaki kule, lakini msimu wa kulima afungwe na Tajiri, walime shamba la Ambrose, kisha la Lutengano, kwa zamu. Ndiyo maana Jumapili ile alikuwa anafunga kamba ya nira.

Aliko alifika baada ya chakula cha mchana, vumbi mpaka kwenye nyusi. Visanduku viwili, kimoja kama kiberiti kikubwa.

"Ndaga fijo, mwanangu," Tulinagwe akashukuru. "Usikae. Funga."

Aliko akang'oa prosesa ya zamani, akafuta mafuta yake ya kupoza yaliyokauka, akaweka mpya, akapaka mafuta mengine, akarudisha feni. Kadi ilikuwa fupi, feni moja. Safari hii mfuniko ulifunga.

Picha haikuwa kama ile ya Jumanne. Majani ya miti yalikuwa na kona kona, na kioo cha lori hakikuonyesha matone. Tulinagwe hakuuliza. Alitafuta mzigo wa mchele, haukuwepo, akachukua ngano. Lutengano akavuta kigoda, akakaa upande wake wa kulia.

Wakaondoka. Barabara ya wazi, sawa. Mlima, sawa. Injini ikaanza kunguruma kwa shida, na Lutengano, ambaye miaka thelathini hakuwahi kusafiri na mkewe hata safari moja, akasema, "Shusha, linakufa."

"Kimya, konda. Nimesikia."

Wakaingia mjini. Magari yakawa mengi. Aliko akafungua kile kidirisha pembeni. Mistari miwili ikapanda pamoja, ikashuka pamoja, ikakaribiana sana. Tulinagwe akabonyeza kushoto, lori likaenda kushoto. Akasimama kwenye taa. Basi likamkatia mbele, akashika breki, lori likashika. Akapita pale pale kwenye nguzo ya Jumanne, akaiacha imesimama.

Ilichukua saa moja na nusu. Chai ilipoa, hakuna aliyeigusa. Uani kwa wenye ngano alirudi nyuma na trela mara mbili, ya tatu likaingia. Yakatokea maandishi, Aliko akayasoma: mzigo umefika, hauna hasara.

Tulinagwe akaweka mikono mapajani, juu ya kanga.

Sasa kompyuta hiyo iko pale pale. Lutengano huipangusa vumbi kila siku, vitambaa vyekundu vinne kwa uangalifu, visibanduke. Kigoda hajakihamisha upande. Tajiri na Askari wamelima mashamba yote mawili, na mpunga umeshika.

Jumapili ile, kabla hajazima mashine, Aliko alimuuliza tena shangazi yake kama auhamishie usukani kulia, uwe kama wa magari yetu. Tulinagwe alikataa kwa kichwa. Safari hii alisema kwa nini, na maneno yake yalikuwa haya:

"Miaka thelathini nimekaa kiti cha kushoto. Sasa usukani umenifuata. Uache."