Filme ya watu wa nyota wameianza upya, na mwisho wake nimeuona kwa macho yangu

Ule mwaka tulikuwa tunakula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta na bila chumvi. Watu wa Bunia wa umri wangu wameisha kujua ni mwaka gani ninasema.

Wakuu, musalimiwe, wa hapa na wa mbali. Ninaandika mwenyewe, kidole kimoja, na masomo yangu iliishia darasa ya tatu ya primaire. Makosa mutaona. Uongo hapana. Sina tena meno ya kutafuna uongo, hata nyama inanishinda.

Mwaka ule ndio nilianza kupenda ile filme ya watu wa nyota.

Sale ya video, chumba ya kuonyesha filme, ilikuwa ya mabati, benchi za mbao, jenereta inalia inje. Mbele alikaa mufasiri na mikro yake ya kukuza sauti, anatuambia kwa Swahili yale wanasema ndani. Akikosa kuelewa, anatunga. Nyota yenye maji mengi aliiita Kasenyi, kama kule kwa ziwa. Nyota yenye dhahabu aliiita Mongbwalu, kama kule kwa machimbo.

Siye tuliamini. Mimi niliamini miaka yote.

Kapita, mukubwa wa chombo yao ya kuruka ku nyota, alikuwa mwanaume wa mustashi juu ya mudomo. Chombo yenyewe ilikuwa mbao na rangi. Yule nyama mukubwa wa kula watu alikuwa na zipu mugongoni, tuliiona wote. Na tulimuogopa vile vile.

Lakini mwisho sikuuona hata siku moja. Kila mara waliweka sehemu ya mwisho, masasi ya vita ililia mahali, tukakimbia. Nilikimbia mpaka kule Irumu na sufuria ku kichwa, na njiani ninajiuliza: Kapita alifika kwao ao alikufa?

Musicheke. Mutu akikimbia anawaza kitu chochote.

Sasa mwaka huu njia zimefunguka, maharagi ya kule Gety imerudi ku soko. Watu wanalala mu nyumba zao, ijapokuwa viatu vinakaa karibu na kitanda.

Mujukuu wangu Neema, anasomea kazi ya infirmière, ya kuuguza wagonjwa, akaniambia mimi nyanya yake: "Tate, ile filme yako wameianza upya. Watu wapya, kila kitu kipya."

Nilikasirika. Nani aliwaomba?

Tukaenda.

Wakuu, wameweza. Kapita wa sasa ni mwanamuke, nywele nyeupe. Vijana wakaanza kulalamika mu sale: "Kapita gani huyu, mama ya watoto!"

Nikawaambia: "Nyamazeni. Mama ya watoto ndiye aliwazaa."

Chombo iko na kutu, wanaifunga na kamba kama lori ya Mongbwalu. Watu wa ndani wanachoka, wanapika, wanagombana juu ya maji. Ile ya zamani hawakula hata siku moja! Hii ndiyo safari ya kweli, mimi ninaijua.

Kibaya ni yule nyama. Wamemutengeneza na ordinateri, ile kompyuta, anateleza kama sabuni. Warudishe zipu.

Ikatokea nyota ya dhahabu. Nikapiga kelele: "Mongbwalu hiyo!" Sale nzima ikacheka. Mufasiri, kijana wa juzi, akasema ku mikro: "Mama, hii nyota iko na jina yake."

"Jina yake ni Mongbwalu."

Toka hapo na yeye akaiita Mongbwalu.

Tukafika ku mwisho. Chombo inashuka kwao, haijulikani kama itapasuka. Mara, PAA! inje.

Sale ikajimwaga. Mufasiri alikuwa wa kwanza, mikro ikabaki inaning'inia. Benchi zilianguka, sandali zikabaki kama samaki ku mchanga. Neema ananivuta mukono:

"Tate, simama! Tukimbie!"

"Nimekimbia ya kutosha. Sikimbii tena."

Akakaa karibu yangu, ananitukana kwa heshima.

Filme iliendelea. Kifaransa yao sikusikia maana yake, lakini macho yangu ni mazima. Chombo ikafika. Mulango ukafunguka. Majani mpaka magoti, nyumba bila mapaa. Kapita akaingia mu nyumba moja, akatafuta ufagio, akaanza kufagia.

Basi. Ikaishia hapo.

Nililia, wakuu. Kisha vita, siye tulirudi kwetu vile vile.

Kumbe inje ni pneu, mupira wa gurudumu ya lori, ilipasuka. Watu wakarudi kutafuta sandali, "hii ni yangu, weye acha!" Mufasiri akanikaribia polepole:

"Mama, iliishaje?"

"Lete mikro."

Nikawapa yote, toka mulango mpaka ufagio. Niliongeza kidogo. Mufasiri ni mufasiri.

Nimejifunza hivi: kitu kikianzwa upya, usikitukane mbele ya kuona mwisho. Wenye kulilia ile ya zamani, muelewe: na mimi niliipenda, lakini hii imeniingia ndani.

Na weye uliyeona ya zamani mpaka mwisho, niandikie hapa chini: yule wa mustashi alifika?

Neema amesoma huu uzi mbele sijautuma. Anasema: "Tate, siku ingine ukisikia mulio, kimbia kwanza. Filme tutairudilia."

Nimemujibu: "Nimekimbia ya kutosha. Sikimbii tena."