Mkia wa Basi Refu

Kuna siku moja ambayo bado inanichosha ninapoikumbuka, mwanangu, na kwa kuwa umesema lori la kunihamisha linakuja Jumamosi, acha nikusimulie kabla hujaanza kufunga vyombo vyangu.

Nilikuwa nimerudi kutoka masomoni ng'ambo na shahada moja na hadithi moja. Shahada ilikaa kabatini. Hadithi niliwachosha nayo watu wa Soweto West, mtaa wetu wa mabanda. Ilihusu trolibasi, basi la umeme lenye fimbo mbili paani zinazoshika nyaya za juu ya barabara, refu kama mabasi mawili, lililoungwa katikati kwa mpira wa mikunjo. Huko nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Kwenye kona dereva alikwenda mbele kwanza, mbele hadi ungedhani amesahau njia, ndipo akapinda, ili mkia usiparamie walio kando na sisi wa nyuma tusirushwe vitini. Nililieleza jambo hili matangani, harusini, hata kwenye foleni ya maji.

Kisha nikapata kazi. Nikapanga nyumba Gatina, ghorofa ya tatu, nikamwambia mwenye nyumba wa Mama kwamba Mama anahama na chumba chake kiko wazi. Mama mwenyewe sikumuuliza. Nilidhani wema hauombi ruhusa.

Nilimkuta mlangoni kwake, kwenye meza yake ya kuuzia omena, vile visamaki vikavu vya ziwani. Wafula, mwenye mkokoteni niliyemleta, akapakia kitanda.

"Mama, twende. Umeteseka vya kutosha."

"Nani amekuambia nateseka?"

"Kule maji yako ndani ya nyumba!"

"Na omena yangu itanunuliwa na hayo maji?" Wafula akacheka. Mama hakucheka. "Jirani yangu Mama Atieno akizidiwa na ugonjwa usiku hugonga ukuta huu. Nikienda, atagonga wapi?"

Nikaanza hotuba. Akanikatiza.

"Baba, lile basi lako. Likifika kona, dereva hupinda tu?"

"Hapana. Huenda mbele kwanza."

"Kwa nini?"

Nikageuka kukitazama kitanda mkokotenini.

"Si ni juu ya watu wa nyuma, prof?" akasema Wafula. "Umetuambia mara ngapi!" Akaanza kushusha kitanda.

Nilikwenda kumbembeleza mwenye nyumba, ambaye alikuwa ameshapata mpangaji mwingine. Alinitukana kidogo, akakubali Mama abaki. Na Mama alihamia Gatina, lakini kwa mwendo wake. Kwanza alikuja Jumapili baada ya kanisa. Kisha ikaja sufuria yake ya ugali. Kisha akapata wateja wa omena kwenye ngazi zetu. Kitanda kilikuja mwisho kabisa, Wafula akivuta na Mama Atieno akisukuma.

Leo mimi ndiye mkia. Nimechoka, magoti yangu na ngazi hizi vimekosana, na huenda unasema kweli kuhusu hiyo nyumba yako yenye lifti. Lakini mwenda pole hajikwai, na waliosema hivyo hawakukataza kwenda. Ukijaliwa, usiwang'oe watu wako kwa mapenzi. Waulize kwanza. Jua nani hugonga ukuta wao usiku. Ndipo upinde.

Lori lisije kwanza. Jumamosi njoo wewe mwenyewe, tunywe chai, nikujulishe majirani zangu.

Mungu akupe barabara pana na mkono mtulivu kwenye usukani, na wote walio nyuma yako wafike wakiwa wameketi.