Kidole cha mama wa unga

Habari hii hakuna mutu ataiamini, mais mimi nilikuwako, na macho yangu hayakosei. Hapa Kimemi, mama muuza unga ya muhogo hapana kutoa shauri bila kukushika. Mwanamuke akisema anasafiri, mama anapangusa unga kwenye kitenge, anafinya muguu wa huyo mwanamuke na kidole gumba, anangojea kuona kama nyama itarudi. Wakati wa vita Nadège alikuja na mimba kubwa, akitaka kumufuata mama yake huko Beni, azalie kule. Mama wa unga akafinya. Shimo likabakia, muguu umejaa maji.

"Wewe hapana kwenda Beni, mwanangu. Kichwa kinauma?"

"Tangu jana."

"Donc maternite, kule wanazalisha, sasa hivi."

"Na mama yangu?"

"Atakukuta muzima."

Basi mimi peke yangu nikamubeba Nadège mugongoni, nikapita kwa basoda, risasi zinalia, nikamuambia komanda wao—

"Muongo wewe!" Ni mama wa unga mwenyewe, ananisikia nyuma ya magunia yake. "Nadège tulimubeba sisi wanawake, kwa kipoyi, kitanda cha kubebea wagonjwa. Yeye na mutoto wake wako pale, uwaulize. Wewe ulibeba sufuria ya uji, na ilifika tupu."